Mbio za Miguu Mitatu

Mwoka mikate hakujitolea kusimamia michezo. Alijinyoosha tu.

Ilikuwa Jumamosi alasiri, kwenye kikao cha wazazi wa darasa la saba, naye alikuwa amekaa nyuma kabisa juu ya kiti cha mtoto, magoti yamekaribia kidevu. Hakuwa amepata hata lepe la usingizi tangu alipoamka saa nane za usiku kwenda kazini. Mwenyekiti alikuwa akisoma majukumu ya sherehe ya kuwaaga watoto. Chakula, watu wamepatikana. Mapambo, wamepatikana. Muziki, yupo. Alipofika kwenye michezo ya makundi darasa lilinyamaza, na kila mzazi ghafla akawa na kitu cha kutafuta ndani ya mkoba. Hapo ndipo mwayo ulipomshika mwoka mikate. Akanyoosha mkono wa kulia juu mpaka bega likalia.

"Ahsante sana, mzazi," alisema katibu, na kalamu yake ilikuwa imeshaanza kuandika.

Angeweza kukataa. Lakini watu wote waligeuka wakampigia makofi, na kwa miaka saba ambayo binti yake alisoma katika shule ile, hakuna mzazi aliyewahi kugeuka kumtazama. Si kwamba walimchukia. Saa zake ndizo zilizomficha. Yeye hutoka nyumbani watu wakiwa wamelala, hukanda unga, hupanga mikate kwenye mabati, huingiza tanurini na kutoa, na anaporudi saa nne asubuhi wenzake wote wapo makazini. Analala mchana. Akiamka, jua limeshaanza kushuka. Watoto wa shule walimwita Baba Mikate, na wazazi wao hawakuwa na jina lolote la kumwita.

Kwa hiyo akashusha mkono taratibu, akasema, "Haya, nitajaribu."

Nyumbani binti yake alikuwa ameshapata habari. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwembamba, hatulii mahali pamoja, na tangu alipoanza kutambaa baba yake alimwita Sisimizi.

"Baba, ni kweli? Michezo umechukua wewe?"

"Nimechukua."

"Wewe? Hata kuruka kamba hujui!"

"Nitajifunza."

Sisimizi alimkagua kutoka kichwani hadi kwenye kandambili, kama mtu anayepima kama kabati litapita mlangoni. "Basi usipige filimbi sana. Na ukiniita Sisimizi mbele ya watu, nakwambia, nitazimia."

Walikuwa wakiishi wawili tu, vyumba viwili na ukumbi mwembamba, ghorofa ya pili. Mama yake Sisimizi aliondoka miaka mitano nyuma. Hapakuwa na ugomvi wa kuita majirani. Walichokana tu, kila mmoja kwa upande wake, na baadaye mama akaolewa na dereva mmoja wa malori katika mji mwingine. Huko karibu na nyumba yake kulikuwa na sekondari nzuri. Mwaka huo walikubaliana kwa simu kwamba mtoto akimaliza darasa la saba ahamie kwa mama. Mwoka mikate mwenyewe ndiye aliyelitoa wazo hilo. Alisema si vizuri msichana anayekua aamke kila siku katika nyumba isiyo na mtu. Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu mzima mwenye busara, akakata simu, akaenda kukaa bafuni muda mrefu bomba likiwa wazi.

Sherehe ilipangwa Ijumaa. Mama angekuja Jumamosi kumchukua.

Mwoka mikate aliishika ile kazi ya michezo kwa mikono miwili. Alimfuata mwalimu wa darasa, mwanamke mwenye sauti kubwa na moyo mwepesi, akaomba idadi ya watoto. Thelathini na mmoja. Namba hiyo ilimnyima raha wiki nzima. Ukiwagawa wawili wawili, mmoja anabaki. Ukiwagawa watatu watatu, mmoja anabaki. Watano watano, vilevile. Kila alipopiga hesabu kwenye karatasi ya kufungia mikate, kulikuwa na mtoto amesimama pembeni, mikono nyuma, akijifanya hajali.

Akaamua: katika michezo yake hakuna mtoto wa kusimama pembeni. Mchezo wa kuzunguka viti muziki ukipigwa aliubadilisha. Kiti kitatolewa kila muziki unaponyamaza, lakini hatoki mtu. Wote watajibana kwenye viti vilivyobaki, wapakatane, wabebane, wafanye wanavyojua, mradi kila mmoja awe amekaa.

Ili kujua kama jambo hilo linawezekana, alipanga viti vyake vinne chumbani, akawasha redio, akaanza kuzunguka. Redio ilipotulia kwa ajili ya tangazo, akajitupa kwenye kiti. Akaondoa kimoja. Akazunguka tena. Ukicheza mchezo ule peke yako hushindwi kamwe, na alipofika kwenye kiti cha mwisho alikaa hapo akihema, mshindi, akiutazama ukuta. Mlango ukagongwa.

Alikuwa jirani wa chini, mshonaji nguo, mama wa makamo mwenye sindano kila wakati kwenye kola.

"Jirani, unahama? Nasikia vyombo vinaburutwa juu ya kichwa changu."

"Hapana. Nacheza."

"Na nani?"

Mwoka mikate aligeuka kutazama ndani, kana kwamba huenda mtu ameingia. "Najaribu tu. Ni michezo ya watoto, shuleni."

Mshonaji alivitazama vile viti kwa muda, akamtazama na yeye, na hakucheka. Kesho yake alimletea mfuko wa vipande vya kitambaa vilivyobaki kwenye kazi zake. "Kuna michezo ya kufungana miguu," alisema. "Kamba inachubua. Hivi vitawafaa."

Hivyo ndivyo mbio za miguu mitatu zilivyoingia kwenye orodha. Wanakimbia wawili, mguu wa kulia wa mmoja umefungwa na mguu wa kushoto wa mwenzake. Akaandika: mzazi na mtoto wake. Asiye na mzazi siku hiyo atakimbia na mwalimu. Aliinama akaongeza, kwa maandishi madogo, kwamba kwa mchezo huo filimbi atashika mwalimu wa darasa.

Hakuandika kwa nini.

Jumatano jioni alimwomba Sisimizi wajaribu. Alikubali kwa kuzungusha macho, lakini alikubali. Walifungana kwa kitambaa cha maua, wakashikana mabega, wakaanza kwenye ule ukumbi mwembamba. Hatua ya pili tu wakaanguka, baba chini, binti juu, na kiwiko kikamwingia baba mbavuni.

"Baba, unatumia mguu gani?"

"Wa kwangu."

"Wote ni wa kwako! Sikiliza. Huu uliofungwa tuuite wa ndani. Ule mwingine wa nje. Tunaanza na wa ndani. Haya: ndani, nje. Ndani, nje."

"Ndani, nje," alirudia baba. Wakafika mlangoni. Wakageuka kwa taabu kama lori kwenye uchochoro, wakarudi. Mara ya tano walikuwa wanakimbia kweli, wakiimba "ndani, nje" kwa sauti moja, na mshonaji akigonga dari kwa ufagio kutoka chini. Sisimizi alicheka mpaka akashika tumbo. Ulikuwa mwaka mzima baba yake hajamwona akicheka namna ile ndani ya nyumba.

"Sisi tutashinda," alisema akifungua kitambaa. "Mama wa mapacha anavaa viatu virefu, na baba yule kinyozi ana kitambi. Sisi tutawaacha mbali."

Mwoka mikate alikwenda kulala mapema kama kawaida yake, lakini neno hilo "sisi" alilala nalo.

Ijumaa aliomba ruhusa kazini, akaondoka kabla ya saa, viroba kumi vya unga vilivyo vitupu vikiwa begani. Uwanja wa shule ulikuwa umefagiliwa. Kwenye miti ya goli walikuwa wamefunga karatasi za rangi, na spika mbili kubwa zilikuwa juu ya meza ya walimu. Wazazi walikaa kwenye kivuli cha jengo la madarasa, wamevaa vizuri. Yeye alikuwa na shati jeupe, suruali iliyopigwa pasi, na filimbi shingoni.

Aliwagawa watoto kwa kuwapa vikaratasi: Unga, Maji, Chumvi, Hamira. Waliopata Chumvi walilalamika kwamba wanaonewa.

"Bila nyinyi hakuna anayekula mkate wangu," aliwaambia.

"Kwa hiyo sisi ndio muhimu?"

"Kuliko wote. Msiwaambie Hamira."

Kuanzia hapo Chumvi walikuwa moto wa kuotea mbali. Walishinda kuvuta kamba. Walishinda mbio za magunia, ingawa viroba vilikuwa na unga kwenye pembe na kila mtoto alitoka na miguu myeupe hadi magotini. Kwenye mchezo wa fundo, watoto wanane wanashikana mikono ovyo katikati ya duara kisha wanajifungua bila kuachiana, na kundi la Maji lilijifunga vibaya kiasi kwamba mwalimu mkuu aliinuka kwenda kutoa ushauri, akanaswa na yeye, tai na yote. Wazazi walivunjika mbavu. Kwenye viti, watoto thelathini na mmoja waliishia juu ya viti sita, rundo moja la magoti na vicheko, na mvulana mpole kuliko wote darasani, ambaye hata walimu walikuwa wakisahau kumwita jina, alikuwa juu kabisa ya rundo akipunga mikono.

Mwoka mikate alisimama kando akiwatazama. Kinyozi akampa maji ya kunywa. "Kumbe una mambo," alisema. "Ulikuwa umejificha wapi miaka yote?"

"Kazini," alijibu, na alitaka kuongeza neno, lakini kinyozi alikuwa ameshaitwa na mwanawe.

Ulibaki mchezo mmoja. Akatangaza mbio za miguu mitatu, wazazi na watoto wakaanza kutafutana, na vipande vya kitambaa vikagawiwa. Mwalimu wa darasa alimjia akiwa amenyoosha kiganja. "Leta filimbi, mzazi. Zamu yako."

Alikuwa anaivua shingoni alipomwona mama yake Sisimizi getini.

Amekuja siku moja kabla. Alikuwa amevaa gauni la samawati, mkononi ana sanduku la viatu lenye utepe, anawatafuta watu kwa macho kama mgeni katika harusi. Sisimizi alimwona wakati huohuo. Alikuwa katikati ya uwanja, kitambaa cha maua kinaning'inia mkononi mwake, hatua kumi kutoka kwa baba na hatua ishirini kutoka kwa mama. Hakukimbilia upande wowote. Alimtazama mama. Akamtazama baba. Akasimama.

Mwoka mikate aliuona uso ule, na akaamini ameusoma. Mtoto hajamwona mama yake tangu likizo iliyopita. Mtoto anaona haya kuchagua. Basi asichagulishwe. Akairudisha filimbi shingoni.

"Mimi nina kazi hapa!" alimwambia kwa sauti ya mzaha ambayo hata kwake mwenyewe haikukaa vizuri masikioni. "Kimbia na mama yako. Mama, karibu, karibu, vua viatu!"

Mwalimu alikishusha kiganja.

Mama alicheka, akavua viatu, akaja mbio. Sisimizi alifunga kitambaa akiwa ameinama, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mwoka mikate alipuliza filimbi, na watoto wote thelathini na mmoja wakaondoka na wakubwa wao wakiyumba. Mama hakujua lolote kuhusu mguu wa ndani na wa nje. Hatua ya tatu wakaanguka. Wakainuka, wakaanguka. Mama wa mapacha, pekupeku, mmoja wa mapacha kila upande na miguu minne imekuwa mitatu na nusu, hakuna aliyejua namna gani, alipita wa kwanza. Sisimizi na mama walifika wa mwisho, na watu wakawapigia makofi mengi kuliko washindi. Mama alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Sisimizi alitabasamu kwa adabu, akafungua kitambaa, akakikunja vizuri, akaenda kukirudisha kwenye mfuko bila kupita alipokuwa baba yake.

Jioni mama alikwenda kulala kwa dada yake, wakakubaliana atapita asubuhi saa tatu. Baba na binti walirudi kwa miguu, viroba begani. Walipita duka la vifaa vya ujenzi, wakapita kituo cha mafuta. Baba ndiye aliyeanza mazungumzo.

"Imekuwa siku nzuri."

"Ndiyo."

"Mama yako amefurahi."

"Ndiyo."

"Na wewe je?"

Sisimizi alisimama. "Kwa nini hukukimbia na mimi?"

"Mama yako alikuwa amefika. Nilidhani..."

"Mimi nilikuwa nakusubiri uje. Nimeshika kitambaa, nakusubiri. Mwalimu alikuwa ameshanyoosha mkono umpe filimbi, nilimwona. Halafu ukanigawa."

"Sikukugawa, mwanangu."

"Ulinigawa. Kama vile ulivyompigia mama simu, ukasema nihamie kwake. Hukuniuliza. Hunaga hata swali moja. Unaamua kitu kizuri, halafu unakwenda kulala."

Pikipiki ilipita. Mwoka mikate alishusha viroba chini kwa sababu hakujua aifanyie nini mikono yake. Alikuwa na majibu ya mtu mzima mengi ya kutosha, na safari hii hakutoa hata moja.

"Niliogopa," alisema mwishowe.

"Uliogopa nini?"

"Niliogopa ukichagua mwenyewe, utamchagua yeye. Mbele ya watu wote wale. Nikaona bora niwahi."

Sisimizi alimtazama. Hakumkumbatia, wala hakulia. Alikuwa mtoto wa miaka kumi na mitatu aliyekuwa amechoka, miguu yake bado ina unga. "Wewe, Baba," alisema tu, akaokota nusu ya viroba, wakaendelea kutembea. Walipofika ngazini alimwambia kwamba Chumvi walipendelewa kwenye kuvuta kamba, kila mtu aliona. Baba akasema hawakupendelewa. Wakabishana kidogo mpaka mlangoni. Hicho ndicho walichokiweza siku hiyo.

Asubuhi mama alifika kwa wakati. Sanduku lilikuwa moja, mfuko mmoja, na godoro hakuna, kwa sababu huko kitanda kilikuwa tayari. Sisimizi alimkumbatia baba yake kwa nguvu, haraka, kama mtu anayejitosa kwenye maji baridi, akashuka ngazi bila kugeuka. Mshonaji alitoka mlangoni kwake kumuaga. Kutoka dirishani mwoka mikate aliliona gari walilopanda likipinda kwenye kona, na alibaki hapo hata baada ya magari mengine mengi kupinda.

Wiki iliyofuata aliendelea na kazi. Kazini hakuna aliyejua kitu, isipokuwa kwamba Jumanne aliunguza mabati mawili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nyumbani alipika chakula cha watu wawili siku tatu mfululizo kabla mkono haujazoea. Alikutana na kinyozi barabarani. Wakasalimiana kwa furaha, wakaahidiana kutafutana, wakapita. Saa kumi jioni, saa ambayo zamani mlango ulikuwa unafunguliwa kwa kishindo na mkoba kutupwa chini, alikuwa macho kila siku, hata siku ambazo angeweza kulala zaidi.

Jumapili alipiga simu. Ilipokelewa na mama.

"Hajambo kabisa," alisema mama. "Anakula vizuri. Juzi alilia kidogo, jana hakulia. Sasa hivi yuko nje, kuna watoto wa mtaa wa pili wamekuja kumwita."

"Wanacheza?"

"Wanacheza, wee, hata sielewi ni nini. Nasikia makelele tu, na yeye ndiye anayewapanga. Subiri nimwite."

"Hapana, usimwite. Mwache acheze." Akasita. "Ila akiingia, muulize kama ana nafasi ya kunipigia. Muulize, usimwambie. Na akitaka saa ya usiku, anipigie hata kama nimelala."

"Nitamuuliza."

Mama alisogea dirishani, labda ili naye apate kusikia. Kwenye simu sauti za watoto zilikuwa mbali, zimechanganyika, zinapanda na kushuka, na moja kati ya zile alikuwa na hakika nayo. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, simu imebanwa sikioni.

"Bado upo?" aliuliza mama baada ya muda.

"Nipo," alisema. "Usikate kwanza."